Hiyo nyumba ya Ngamiani siyo ya Mjerumani, ni ya kwetu, na tafadhali simenti isiiguse

Marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili na picha zako nimezivuta mpaka mwisho, hasa ile ya tatu uliyopiga kwa karibu, na nimefurahi kwa sababu watu wanapita pale kila siku na hawaoni kitu, wewe umesimama ukatazama.

Nirudie kidogo ulichosema ili tuwe pamoja. Asubuhi watembea kwa miguu hapa Tanga mjini kutoka Makorora mpaka Raskazone, ukipita Ngamiani kwenye ile mitaa ya namba, na juzi ukaona nyumba ya zamani ya chini, lipu imebanduka upana wa kama mlango mzima, ndani yake miti imesimama wima na fito zimelala juu yake na katikati udongo. Jirani kakwambia hiyo nyumba ya Mjerumani, eti mtandaoni kuna picha za nyumba za Ulaya zenye miti ukutani hivo hivo. Mzee mwenye nyumba naye kakwambia wiki mbili zijazo fundi anakuja kubandua lipu yote na kupiga simenti upya, nzito zaidi, ili "isibanduke tena". Sasa wewe wauliza je ni ya Mjerumani kweli, ina umri gani, na mzee yuko sahihi?

Nianze na Mjerumani kwa sababu hilo ndo linaniuma. Hapana, siyo ya Mjerumani. Mjerumani alipojenga Tanga alijenga kwa mawe na chokaa, kuta nene, nenda kaangalie Boma la zamani pale lilipo jumba la Urithi, au lile jengo kongwe la hospitali ya Bombo linalotazama bahari, hutaona fito wala kamba mle. Hii yako ni nyumba ya Kiswahili, ukuta wake unaitwa kiwambaza, na imejengwa na mafundi wa pwani hii hii ambao kazi yao walijifunza kwa baba zao. Kila nyumba ya zamani iliyojengwa vizuri tukisema ya Mjerumani au ya Mwarabu tunakuwa tunamnyang'anya fundi wa Ngamiani kazi ya mikono yake, na mimi nimefanya ukarabati wa majengo ya zamani pwani hii kwa miaka mingi na nakuhakikishia yule fundi alijua anachofanya.

Ila jirani hakukosea yote. Ni kweli Ulaya wanazo nyumba za fremu ya miti, Ujerumani wanaziita Fachwerk, na mji wao mmoja uitwao Quedlinburg umejaa nyumba hizo mpaka mwaka 1994 ukaingizwa kwenye urithi wa dunia. Uingereza nako zipo nyingi. Na ukibandua ukuta wa nyumba ya namna hiyo ndani unakuta fito zimesukwa na udongo umekandikwa juu, uliochanganywa na majani makavu, yaani bibi yako wa Muheza angeutambua huo ukuta kabla hujamwambia uko wapi. Tofauti iko kwenye mti wenyewe na miguu yake. Wenzetu walitumia mwaloni, ule mti mgumu wa Ulaya, wakauchonga ukawa wa pembe nne, wakaunga kwa ulimi na tundu wakapigilia vigingi vya mti, afu fremu nzima wakaikalisha juu ya mawe. Sisi tulitumia mkoko wa mviringo kama ulivyotoka baharini, tukafunga kwa kamba, na nguzo tukazichimbia ardhini. Hapo kwenye kuchimbia ndo penye hadithi yote ya nyumba yako, ntarudi.

Sasa tuiangalie ile picha ya tatu. Ile miti minene iliyosimama ni nguzo, na zile nyembamba zilizolala ni fito, na ukiangalia vizuri utaona fito ziko safu mbili, moja nje moja ndani, nguzo ziko katikati kama nyama kwenye sambusa. Kwenye ile nafasi kati ya safu mbili ndo udongo unasindikwa, na ndani ya udongo naona vijiwe, vile havikuingia kwa bahati mbaya, hiyo kazi inaitwa kutomea, vijiwe vinapachikwa kwenye udongo mbichi ili ukuta ukae imara na lipu ya juu ipate pa kushika. Kwenye kona ya kushoto, pale fito inapokutana na nguzo, kuna kitu cha rangi ya kahawia kama nywele zimejisokota. Ile ni kamba ya makumbi, nyuzi za nazi. Bado imekaza mwanangu! Baada ya miaka yote hiyo fundo halijalegea, na msumari ungekuwa umeshakula kutu ukapasua fito.

Kuhusu mti, kwa picha siwezi kukuapia lakini ile rangi nyekundu ya kukolea pale ulipochubuka ni rangi ya mkoko. Watu wa biashara ya mikoko walikuwa na majina kwa unene: fito ndo nyembamba kabisa, kama kidole gumba hivi, afu pau, afu mazio, afu boriti ambayo ndo iliyobeba dari za nyumba za mawe pwani yote, halafu nguzo. Wajua kwa nini vyumba vya nyumba za zamani za mawe ni vyembamba na virefu? Kwa sababu boriti haikuwa ndefu, mita mbili na nusu mpaka tatu hivi, chumba kikafuata urefu wa mti. Majahazi yalibeba hiyo miti kutoka delta ya Rufiji na Lamu mpaka Arabuni na Ghuba ambako miti ya kujengea ni adimu, miaka na miaka. Mkoko ni mzito na umejaa tanini, ile dawa ya kahawia ya kwenye magome ambayo watu walitumia kulainishia ngozi, na hiyo inafanya mchwa asiupende. Simaanishi hauoi. Unaoza, ila kwa sharti moja, ukae na maji na hewa kwa pamoja kwa muda mrefu.

Na hapa ndo simenti inapoingia. Nielewe vizuri, sina ugomvi na simenti, kwa msingi wa bloku na nguzo za zege ni kitu safi na kiwanda tunacho hapa hapa Pongwe. Lakini ukuta wa kiwambaza ni ukuta unaopumua. Masika udongo unanyonya unyevu, jua likitoka unautoa, na udongo una tabia nzuri sana, unavuta maji kutoka kwenye mti uliofunikwa ndani yake, unaukausha, ndo maana mti uliozungukwa na udongo mkavu unaweza kukaa miaka mia. Sasa wewe ukiuvalisha ukuta huo koti la simenti, maji hayaachi kuingia. Yanaingia kwa chini kutoka ardhini, yanaingia kwa nyufa ndogo ndogo za simenti yenyewe, maana simenti ni ngumu na mti na udongo vinacheza, vinatanuka na kusinyaa, kwa hiyo lazima ipasuke. Maji yakishaingia hayana pa kutokea. Yanakaa humo na nguzo zako. Nje mzee anaona ukuta mzuri umepakwa rangi ya krimu, kumbe ndani mguu wa nguzo unaoza taratibu, na mchwa akija anakuta meza imeshaandaliwa.

Angalia picha yako ya pili, ile ya mbali. Kuna mkanda mweusi mweusi kutoka chini mpaka usawa wa goti, na juu yake unga mweupe kama chumvi. Ni chumvi kweli, maji yamepanda na chumvi za ardhini, yamefika pale yametafuta pa kukaukia yakaiacha. Na kile kipande cha lipu kilichodondoka chini barazani, umekipiga kikiwa kimegeuka, mgongoni kimeshika udongo unene wa kidole. Maana yake lipu haikubanduka kutoka kwenye ukuta, imeubandua ukuta. Sasa mzee anataka kuweka nyingine nzito zaidi, hiyo itashuka na udongo mwingi zaidi, na siku hiyo pengine na fito.

Makosa haya siyo yetu peke yetu, usimwone mzee hajui. Waingereza walipaka simenti nyumba zao za mwaloni karne iliyopita, nyumba zilizosimama miaka mia tatu mia nne, na mialoni ikaanza kuoza ndani ya miongo michache, sasa hivi mafundi wao kazi yao kubwa ni kubandua ile simenti na kurudisha udongo na chokaa.

Mimi niliona kwa macho yangu Pangani. Nyumba ya familia, vyumba sita na ukumbi katikati, fundi mmoja aliwapigia simenti nje na ndani na akamwaga zege barazani mpaka likagusa ukuta. Nilipoitwa ukuta wa upande wa uani ulikuwa umeinama. Tulipobandua, mguu wa nguzo ya kona ulitoka mkononi mwangu kama kahawa iliyosagwa, umelowa, unanuka uyoga. Nikapanda na nyundo ndogo nikigonga, chini unga, kidogo juu laini, nikifika juu ya goti mti ukaanza kulia, ngo ngo ngo, kama chuma. Mti ule ule mmoja! Sentimita arobaini za chini zimekufa, mita mbili za juu zingeweza kukaa miaka mingine mingi. Ile nyumba ilikuwa imeshaandikiwa kubomolewa, na kilichokuwa kibovu kilikuwa miguu tu.

Ndo nilisema ntarudi kwenye miguu. Nguzo iliyochimbiwa haiozi kule chini kabisa wala haiozi juu, inaoza pale ardhi inapokutana na hewa. Mafundi wetu walijua, ndo maana nyumba ya Kiswahili ina baraza na ina paa lililotokeza nje sana, mgongo wa tembo, pande nne linashuka, mvua inadondoka mbali na ukuta. Tatizo lilianza tulipobadilisha vitu kimoja kimoja bila kuangalia vingine. Makuti yakaondoka ikaja bati, na kwa kubana matumizi bati likakatwa fupi, maji sasa yanapiga ukuta. Barabara ikapandishwa kifusi na lami, nyumba ikabaki bondeni, maji ya mtaa yanakuja barazani. Kila kitu kimoja kina sababu yake nzuri na vyote kwa pamoja vinaishia kwenye mguu wa nguzo.

Umri sasa. Hapa niwe mkweli, kwa picha tatu hakuna mtu atakayekupa mwaka, na akikupa mkatae. Kinachoweza kusaidia ni hiki. Muombe mzee uchungulie paa kwa ndani. Ukikuta makombamoyo, yaani ile miti inayobeba paa, ni ya mviringo na ina alama za kamba, na vitobo vya misumari ya bati viko juu yake, basi hiyo nyumba ilianza na makuti bati likaja baadaye. Angalia kama kuna vipande vya debe vilivyonyooshwa vimezibia mahali, zamani watu waliyapasua madebe ya mafuta ya taa wakaezekea, ukikuta debe lenye maandishi lipige picha usilitupe kabisaa. Misumari ya pembe nne watu wanaipenda sana kuionesha kuwa nyumba ni ya karne ya kumi na tisa, lakini pwani hiyo inadanganya maana mafundi wa majahazi waliendelea kuifua kwa mkono muda mrefu sana baada ya msumari wa mviringo wa kiwandani kuja, na fundi wa nyumba alichukua msumari popote alipoupata. Chenye nguvu kuliko vyote ni mzee mwenyewe, na bibi yeyote wa mtaa ule aliyepita miaka themanini. Usiwaulize "ilijengwa lini", hawatakumbuka mwaka. Waulize nani alikuwa anaishi humo walipokuwa wadogo, ilikuwa ya makuti au bati, nani aliolewa humo. Kisha karatasi za kiwanja.

Na mlango. Hujasema mlango ukoje. Kama fremu yake imechongwa nakshi, mwambie mzee asiuuze kwa mtu yeyote wa kununua milango anayepita mitaani, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940, na nyumba ikishang'olewa mlango imekwisha hata kama ukuta umesimama.

Haya, mzee afanye nini. Simenti asimamishe kwanza, hilo la haraka, wiki mbili siyo nyingi na fundi akishachanganya hawezi kurudisha mfuko dukani. Halafu apate bisibisi. Kwenye kila mguu wa nguzo unaoonekana achome kwa nguvu za kawaida, ikigoma hapo pazima, ikizama sentimita moja au zaidi pameoza, aendelee kuchoma akipanda mpaka igome, atie alama ya chaki. Kwenye lipu iliyobaki agonge kwa kifundo cha kidole, ikilia kama debe tupu imeshaachia ukuta, hiyo itolewe kwa mkono taratibu. Inayolia mnene aiache kwa sasa, ukilazimisha kuibandua kwa patasi unang'oa ukuta wote nyuma yake.

Nguzo iliyooza mguu haitolewi nzima. Unaweka mhimili kando kubeba uzito wa mwamba wa juu, unakata sehemu mbovu kwa mshazari, unaunga kipande kipya kwa mshazari huo huo na kukaza kwa boliti, na safari hii mguu haurudi udongoni, unakalishwa juu ya jiwe lililoinuka kidogo, kama walivyofanya wale wa mwaloni. Ila jiwe tu halishiki nyumba kama shimo lilivyoshika, kwa hiyo chini pale lazima kuwe na mti wa kulala unaozifunga nguzo pamoja, fundi seremala mzuri ataelewa. Moja moja! Usikubali fundi akate nguzo tatu kwa siku, nyumba italala. Mkoko mpya asiende kukata mwenyewe Sahare wala Chongoleani, mikoko yote ni msitu wa hifadhi na kibali kinatoka TFS, yaani wakala wa serikali wa misitu, na kwa kweli miti ile tunaihitaji pale ilipo. Atumie nguzo za mkaratusi zilizotibiwa, kama zile za umeme lakini nyembamba, au atafute nguzo kuukuu kwenye nyumba zinazobomolewa, Ngamiani kila mwezi kuna inayobomolewa na watu wanazigeuza kuni, inasikitisha.

Ukuta ujazwe udongo, siyo bloku katikati ya miti kama wanavyopenda siku hizi. Udongo mwekundu wenye mfinyanzi wa wastani, ukanyagwe na majani makavu yaliyokatwa mafupi, ukae usiku mmoja au mbili umefunikwa, ukandikwe, utomewe vijiwe. Ukikauka utapasuka kidogo, kawaida, unausiriba tena kwa mwepesi. Lipu ya juu ni chokaa, fungu moja kwa mchanga mafungu matatu, na chokaa hapa kwetu haina shida, mawe yake ndo haya haya ya Amboni na Maweni. Akipata ya mawe mabichi, yaani iliyochomwa lakini haijazimwa kwa maji, ailoweke siku nyingi, wiki tatu kwenda mbele, na wakati wa kumwaga maji watoto wakae mbali maana inachemka na ikiruka jichoni ni balaa. Ipakwe nyembamba, isizidi sentimita moja kwa mkono mmoja, na ifunikwe magunia yaliyoloweshwa siku kadhaa, jua la Tanga likiipiga siku ya kwanza inakuwa vumbi. Juu yake anapaka chokaa ya maji kila baada ya Ramadhani mbili tatu, kama wazee walivyokuwa wanafanya kabla ya sikukuu. Asipake rangi ya plastiki, ni koti lile lile la simenti kwa jina jingine.

Gharama mzee ataogopa, najua. Udongo ni wa bei ndogo kuliko simenti, chokaa na simenti bei hazitofautiani sana, panapokula pesa ni mikono ya mafundi, siku zinakuwa nyingi. Kama hana uwezo wa kufanya yote mwaka huu, basi afanye mawili tu: aongeze bati litokeze nje sentimita sitini hivi kuzunguka, na achimbe mfereji wa kupeleka maji ya mtaa mbali na ukuta. Hayo mawili bila kugusa lipu yataipa nyumba miaka.

Wewe ukipita tena kesho kutwa, nisaidie. Zunguka kwa ruhusa ya mzee mpaka uani, kona iliyo karibu na bafu na pale wanapomwaga maji ya vyombo, piga picha ya usawa wa ardhi, weka kiberiti kando nione ukubwa. Picha zako zote tatu ni za mbele, na nyumba hizi mara nyingi zinaanza kuinama kwa nyuma.